Picha ya Kadi, Mbele na Nyuma

Rispah alifika Bungoma na hasira zake zote. Yeye ni mkulima wa mahindi kule Kwanza, karibu na Kitale, mjane, na binti yake Edinah atafanya mtihani Chuo Kikuu cha Kibabii Jumatatu, mradi karo iwe imelipwa. Na karo yenyewe, elfu thelathini na moja, imeliwa! Kadi haijatoka mkobani, lakini ujumbe wa benki unasema amenunua viatu Uturuki. Viatu! Yeye ambaye huu ni mwaka wa tatu anavaa gambuti zile zile.

Tawi la benki la Kitale lilimwambia akaunti ilifunguliwa Bungoma, basi aende huko. Huku nako, dirisha la nne, halafu la pili, halafu arudi la nne. Jamani!

"Mama, kuna mtu umewahi kumwonyesha kadi?" akauliza Kizito, karani wa dirisha hilo.

"Nimwonyeshe kwani ni mtoto mchanga?"

"Ukijaza hapana kwenye fomu hii, pesa inarudi Ijumaa. Ukijaza ndiyo, benki hairudishi kitu."

Rispah akaandika HAPANA, nusura atoboe karatasi. Ndipo Kizito akaeleza kwamba mwizi hahitaji kadi yenyewe. Akipata namba za mbele na zile tatu za nyuma, amemaliza.

Rispah akakumbuka. Mwezi uliopita mnunuzi mmoja wa mahindi aliahidi kulipa kikundi chao kupitia benki, kila mtu atume picha ya kadi. Na ni yeye, mwenyekiti, aliyeandika kwenye grupu la WhatsApp: "Tumeni mbele na nyuma, zionekane vizuri. Msinichelewesheee!" Picha ya kadi yake ilitangulia. Mzee Kibiwott wa kikundi hicho hakujua kupiga picha, Rispah mwenyewe ndiye aliyempigia picha ya kadi yake.

Lakini karani atajuaje? Akasukuma fomu dirishani. Mtoto atafanya mtihani, basi.

Simu ikalia. Ni Kibiwott. "Mama Edinah, ati nimenunua viatu? Si hiyo ndiyo pesa ya upasuaji wa mke wangu Chelagat?"

Rispah akamlaani mnunuzi, akailaani benki, akavilaani na vidole vyake mwenyewe.

"Kijana wangu, rudisha hiyo fomu."

"Umekosea mahali, mama?"

Akaikata HAPANA, akaandika NDIYO. "Ufunge na kadi za watu wengine thelathini na wanane. Picha zote nilizikusanya mimi, majina niko nayo hapa. Andika haraka. Msichana wangu nitampigia nikitoka."