Fatiha ya Wavuta Makasia

Mlinzi wa chumba cha picha za vita, katika makumbusho moja ya London, ni Mpemba wa kifua kipana na sauti ya mtu aliyeamka sasa hivi. Mikono huiweka nyuma, imeshikana. Chumba kikibaki kitupu huiendea picha ya merikebu yenye bendera ya msalaba, inayoungua, akaikunjua mikono, akawasomea Fatiha watu wasioonekana. Mkubwa wake ameshamwonya: akimuona tena, kazi hana.

Leo Bi Sheikha, ajuza wa mtaa wa Barking, alisimama pale akachekelea. "Mizinga ya Waislamu hiyo. Na waungue, walizidi jeuri."

"Usiseme, mama. Wavuta makasia humo ni Waislamu wenzetu, mateka. Wamefungwa minyororo, hawana pa kukimbilia."

"Na ile merikebu yetu, yenye bendera ya mwezi?"

"Humo wamefungwa Wakristo."

Bi Sheikha akaitazama picha upya, kicheko kimemkauka. "Nani amewasomea hawa?"

"Mimi tu."

"Basi soma, nikuitikie."

"Mkubwa wangu yule mlangoni, mama. Ananitazama."

"Na mimi nakungoja."

Mlinzi akaikunjua mikono, akasoma kwa sauti, polepole, na mkubwa alipomshika bega hakuruka hata aya moja.