Mektilda na Beseni la Michembe

Nikikumbuka maneno ya mjomba Leodgar, damu hunichemka hadi leo. Alimleta binti yake Mektilda kwetu Bukene kutoka Kwihara, akamkabidhi kwa mama yangu kama mzigo.

"Dada, huyu ni bubu. Amepata chuo Dodoma, lakini hosteli hawezi. Akae kwako mpaka chuo kifunguliwe, halafu atakaa kwa mdogo wetu Wilbroad kulekule Dodoma, amsaidie mkewe kazi za nyumbani."

Bubu! Mama alimuuliza Mektilda atasoma nini, akajibu mjomba. Alimuuliza kama ana njaa, akajibu mjomba tena. Mtoto angesema saa ngapi?

Mama yangu, Bertila, huuza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa abiria wa treni. Mjomba alipoondoka tu, akamtwika Mektilda beseni. "Treni haimsubiri mwenye haya, mwanangu. Na mimi sitakusemea."

Siku ya kwanza alisimama chini ya madirisha ya behewa akitazama miguu yake. Kijana mmoja akamcheka, "Dada, hiyo michembe unauza au unailinda?" Beseni likarudi limejaa. Mama hakugomba. Tulikula michembe na karanga mpaka nikaichukia.

Safari nyingine abiria mmoja akasema michembe ile imeoza. Mektilda aliinua kichwa.

"Michembe haiozi, kaka! Onja kwanza ndiyo useme!"

Behewa zima likacheka, mikono ikatoka madirishani. Tangu hapo aliita mwenyewe.

Chuo kilipokaribia kufunguliwa, mjomba akaja kumchukua. Aliposhuka kwenye treni alimkuta binti yake akiita kwa sauti, "Michembe! Michembe ya Bukene!"

"Mtoto wa chuo kupiga kelele stesheni kama mpiga debe!" akafoka. "Unanitia aibu!"

Mtu yuleyule aliyemwita bubu!

"Shikamoo, baba," alisema Mektilda, akasubiri.

"Marahaba. Kusanya vitu vyako. Wilbroad anatungoja."

"Kwa baba mdogo nitakwenda kusalimia. Nitakaa hosteli. Nimeshapata chumba."

Mjomba akamgeukia mama. "Nani kamwombea chumba huyu?"

Mama alikuwa anapanga michembe yake, hakuinua macho.

"Niulize mimi, baba," alisema Mektilda. "Niliomba mwenyewe."

Mjomba alikohoa. Akatazama reli, akatazama beseni. "Humo chumbani... mtakuwa wangapi?"

"Wanne."

"Haya. Usisahau shuka."

Mama alitabasamu. Mimi sikuweza. Swali dogo namna ile, na binti amengoja kuulizwa tangu azaliwe!