Sponji Nyuma ya Ngozi

Siku ya kubandua ngozi Mama hali kitu. Ngozi ndivyo tunavyoiita ile plastiki ya ndani ya bwawa la kuogelea, inayozuia maji yasiguse ukuta. Wenye nyumba huiona kwa mbele tu, ya bluu, inang'aa, wakasema bwawa letu safi. Mama huiona kwa nyuma. Nyuma kuna ute mweusi, konokono waliokufa, nywele za watu, na harufu ya samaki aliyesahauliwa ndani ya mfuko. Ameifanya kazi hii tangu Baba alipotuacha na bado kichefuchefu kinampanda.

"Siku nikiuzoea uchafu," huwa anasema, "nitaanza kuuacha."

Kabla ya kukata, huvua viatu akaingia bwawani peku, akaupapasa ukuta wote kwa viganja huku amefumba macho. Ukuta mzima unausukuma mkono. Uliooza unabonyea kama papai lililoiva mno. Mjomba, kaka yake, humcheka.

"Dada, unaupima mimba?"

Mjomba ndiye mwenye gari na ndiye anayetafuta wateja. Bila yeye Mama angekaa nyumbani na mikasi yake. Shati lake halina doa hata siku moja, na hilo peke yake lilikuwa linanikera.

Mwezi uliopita alitupeleka kwa bibi mmoja mstaafu. Bwawa lake ni la mabati, la duara, limesimama juu ya nyasi, na lilikuwa linavuja. Wajukuu walikuwa wanakuja Jumamosi na alitaka ngozi mpya. Mjomba akamtandazia vipande vya kuchagulia mezani.

"Chukua hii yenye picha za mawe, bibi. Haionyeshi uchafu."

"Ndiyo maana usiichukue," Mama akasema. "Chukua ya bluu tupu, ile nene. Uchafu ukiingia uuone."

Mjomba akamkata jicho. Mama akavua viatu, akaingia.

Mkono wake ukasimama chini ya tundu ambalo maji hupitia kwenda kwenye pampu. Akabonyeza mara ya pili, akakata ngozi. Kikatoka kipande cha sponji ya godoro, cheusi, kinachuruzika, funza wembamba wanatembea ndani yake. Kilikuwa kimeshindiliwa kwenye tobo la kutu pana kama sahani, kikazibwa kwa utepe wa gundi. Mwisho wa utepe ulikunjwa pembe tatu.

Nyumbani kwetu anayekunja utepe hivyo ni mmoja, ili kesho asihangaike kutafuta mwisho wake. Mwaka jana Mama alikuwa mgonjwa kitandani na Mjomba alikwenda kazini peke yake.

"Kaka, nani alitengeneza hapa?"

"Mafundi mjini wamejaa."

Mama akamwonyesha ile pembe. Mjomba akainama ukingoni, sauti chini.

"Weka ngozi mpya, tuondoke. Si ilikaa mwaka mzima?"

"Ilikaa kwa sababu bibi haruki humu. Watoto wakianza kurukaruka na maji yamejaa, bati linachanika, linawamwaga nje na makali haya."

"Utaniumbua mbele ya mteja? Mimi ni damu yako. Nikimkosa huyu bibi, na wewe umemkosa."

Mama akakitazama kile kipande kilichokuwa kinamdondokea mguuni.

"Godoro la nani hili?"

Mjomba akarudi hatua moja nyuma, kisimchafue shati.

"Umelilalia wee, umelitolea jasho, likakuchoka, ukawapikia watoto wa watu supu ya kuogea."

Akatoka bwawani, akaenda barazani kwa bibi na sponji mkononi.

"Bibi, usijaze maji. Bati limeoza, libadilishwe kwanza, ngozi baadaye. Aliyeziba tobo kwa hiki ni kaka yangu huyu hapa."

Bibi akajiziba pua. Nilidhani atashukuru. Akatutazama wote watatu kwa jicho lilelile, kana kwamba tumetoka kwenye tobo pamoja na funza.

"Ondokeni. Na hicho kidude mwende nacho."

Tukatoka. Mama alinawa kwenye bomba la nje, akasugua kwa mchanga mpaka viganja vikawa vyekundu. Mjomba alikuwa ameshawasha gari. Sisi tukapita, tukashika njia kwa miguu. Akatufuata polepole, kioo kimeshushwa.

"Dada, panda. Watu wanatutazama."

"Gari lako linanuka."

"Linanuka nini? Nimeliosha leo asubuhi."

Mama akatoa ufunguo wa stoo tunayowekea vifaa, akaudondosha kupitia dirishani, kwenye paja la suruali yake safi.

"Mikasi yangu ninayo," akasema. "Vingine vyote baki navyo."

Mjomba aliuokota ule ufunguo kwa ncha za vidole, akaufuta kwa leso kabla ya kuutia mfukoni. Mama aliona. Akageuza uso, tukaendelea kutembea.