Finyanga Nione

Praxeda hakuwa mtu wa kusahau. Fundi cherehani akisahau kipimo cha kiuno, suruali humrudia na mwenyewe akiwa amefura. Kwa hiyo maneno ya shemeji yake Melchior, aliyoyasema mlangoni pale Nyakabanda siku aliyobeba begi lake kumwacha mkewe, aliyatunza kama atunzavyo sindano. Alijua yalipo, na alijua yanavyochoma.

Mtoto wao Gaju alikuwa na miaka mitatu na hajatamka neno. Akitaka maji, anakuvuta nguo. Akiumia, analia bila kusema panapouma. Daphrose, mama yake, aliyemfuata Praxeda ziwa moja tumbo moja, alimsihi mumewe avute subira, kwa kuwa watoto hawakui kwa kipimo kimoja. Melchior, fundi wa magari na pikipiki huko Gikondo, alichekea puani.

"Siku huyo bubu wenu akiniita baba," akasema, "mnipigie simu."

Akahamia Ndera, kwenye nyumba mpya na mwanamke mpya. Daphrose hakumaliza mwaka. Madaktari walisema ni moyo. Praxeda naye alisema ni moyo, ila yeye na madaktari hawakuwa wanasema kitu kimoja. Siku ya mazishi Melchior alifika watu wameshatoka makaburini, wananawa mikono kama ilivyo desturi ya msiba. Akanawa, akaketi kidogo, akaondoka bila kumtupia mtoto jicho. Praxeda, rozari shingoni na udongo wa kaburi la mdogo wake ungali kwenye viatu, aliweka nadhiri palepale. Mtoto huyu ataongea. Atayajua maneno yote chini ya jua, isipokuwa moja tu. Huyo mwanamume aje siku moja alitafute neno hilo kinywani mwa mwanawe, asilikute.

Lakini kumnyima neno mtoto asiye na neno hata moja si kisasi. Ilibidi kwanza aongee.

Njia aliionyeshwa na Yvonne, mwalimu wa watoto wadogo aliyekuja kupunguza sketi pale Nyakabanda, ambako Praxeda alikuwa amehamishia cherehani yake ili amlee mtoto. Alimwona Gaju chini ya meza ya kukatia vitambaa, akipindapinda vipande kimya. Akamwelekeza Praxeda apike unga wa kuchezea: unga wa ngano, chumvi nyingi, mafuta kidogo na maji, ukorogwe jikoni mpaka uache sufuria. Wa njano atie manjano, mwekundu atie maji ya kiazi chekundu. Kisha aufunike kwa kitambaa kibichi, usije ukakauka.

"Ila usimuulize, hii ni nini, ile ni nini," Yvonne alimwambia. "Mtoto si mshtakiwa. Mikono yake ikifanya kitu, wewe kiseme. Halafu nyamaza, umngoje."

Kungoja Praxeda alikuwa anakujua. Jioni, cherehani ikishafunikwa, waliketi mkekani. Mtoto akiviringisha, yeye anasema, "Unaviringisha." Akibonyeza, "Unabonyeza." Wakatengeneza nyoka, sahani, ndizi, ng'ombe wa miguu mitano. Miezi ikapita, anayesema ni mmoja tu. Majirani walidhani mama huyu ameingiwa na wazimu wa msiba, anazungumza na chapati.

Jioni moja Gaju alimlaza nyoka wake, akachukua rula ya mbao, akamkata vipande viwili. Praxeda, sijui ni uchovu, hakusema kitu. Mtoto akamwangalia, akangoja kama naye alivyongojwa siku zote. Alipoona kimya kimezidi, akasema mwenyewe.

"Kata."

Praxeda alijifunika uso kwa kanga. Alilia kwa ajili ya Daphrose, ambaye alikufa hajaisikia sauti ile. Na alipomaliza kulia, chuki yake ilikuwa imenawa uso, imeamka upya.

Baada ya "kata" yakafuata mengine kama mchele uliotoboka gunia. Neno jipya likiingia nyumbani, Gaju alilitaka kwa mikono kwanza. Ukimwambia tembo, anakukatia donge. "Finyanga nione." Ukimaliza, anatazama, anasema tembo, na tembo hatoki tena kichwani. Jirani yao Silvère, seremala, aliyeitwa na mtaa mzima Papa Shimwa, yaani baba wa Shimwa, mwanawe, alikuwa anasimama dirishani kumsikiliza.

"Uyu mutoto ni ledio," alisema. "Iko na betri wapi, tuzime kidogo?"

Gaju alidhani Papa Shimwa ni jina lote, kama mtu anavyoitwa Fortunatus. Praxeda akaliacha hivyo.

Taabu ilitoka upande asioutarajia. Praxeda alikuwa mtu wa sala, na hakuwahi kufikiri ni mara ngapi kwa siku mtu wa sala hutaja neno lile. Baba Yetu haikusaliwa tena nyumbani kwake. Kwenye rozari aliziruka punje kubwa, akaenda na Salamu Maria tupu. Atukuzwe Baba nayo ikaachwa. Hata ishara ya msalaba waliifanya kwa mkono tu, midomo imefungwa, kama watu waliovimba meno. Kanisani hapakuwa na hatari, kwa kuwa misa ilikuwa ya Kinyarwanda, na Gaju alilelewa kwa Kiswahili tu. Hatari ilikuwa Onyango, mteja wake Mkenya, ambaye kila mwanamume kwake ni baba. Huyo alipimwa suruali nje, barazani, mvua inyeshe isinyeshe.

Alijua kwamba kisasi Mungu amejiwekea mwenyewe. Lakini alijipa hoja: yeye hamfanyii mtu kitu, amenyamaza tu, na kunyamaza hakujawa dhambi. Hoja hiyo hakuwahi kuipeleka kwa padri.

Papa Shimwa ndiye aliyempelekea Melchior habari Gikondo, alipopeleka pikipiki yake kutengenezwa. Jumapili iliyofuata, Praxeda na Gaju wametoka misani, Melchior akasimama mlangoni palepale. Shati limepigwa pasi, mkononi boksi la biskuti. Alikuwa amekonda. Alimwita Praxeda dada, jambo ambalo hakuwahi kulifanya Daphrose akiwa hai. Akaeleza kwa kuzunguka kwamba kule Ndera hawakujaliwa mtoto, na kwamba nyumba ni kubwa. Kwa kifupi, alikuwa amekuja kumchukua mwanawe.

Sheria angeweza kuwa nayo mwanamume huyo. Praxeda alikuwa na neno moja tu, tena neno ambalo halipo.

"Mtoto huyo hapo," akasema. "Zungumza naye."

Gaju alikuwa mkekani na unga wake. Melchior akachuchumaa, suruali yake nzuri ikagusa chumvi na manjano.

"Gaju. Mimi ni baba yako. Niite baba."

Mtoto akamtazama, kisha akamgeukia Praxeda.

"Mama mkubwa, baba ni nini?"

Asidanganyike mtu: ilikuwa tamu. Praxeda alikuwa ameionja sentensi hiyo miaka miwili kabla haijapikwa, na ilipofika ilikuwa tamu kuliko alivyodhani. Alimwacha Melchior ajibu.

Hapo Gaju akafanya kama ilivyokuwa desturi ya nyumba ile. Akamega donge la njano, akalitia kwenye kiganja cha mgeni.

"Finyanga nione."

Mikono ile iliweza kufungua gia boksi na kuirudisha bila kubaki skrubu. Akajaribu mwili, akajaribu miguu. Kichwa hakikukaa. Gaju alimngoja kwa adabu, na kwa kuwa mgeni alikuwa kimya, akamsaidia kwa namna aliyosaidiwa yeye, kwa sauti ya upole, neno baada ya neno.

"Unaviringisha. Unabandika. Kimeanguka. Unaokota." Akasogea, akamchungulia usoni. "Unalia."

Melchior aliliweka lile donge chini. Alisimama, akamwuliza Praxeda, bila kumtazama, kama anaweza kuja tena, hata kukaa tu.

Kwa maneno hayo Praxeda alikuwa amejiandaa tangu siku ya kunawa mikono.

"Umemsikia bubu wetu," akasema. "Siku utakapojua kulifinyanga, utupigie simu."

Melchior akaondoka, biskuti akaziacha kizingitini. Gaju alibaki akilijaribu lile neno jipya, mara polepole, mara haraka, mara kwa kuimba, mpaka Papa Shimwa akachungulia dirishani, akaona uso wa Praxeda, akarudisha kichwa. Neno lililozuiwa miaka miwili lilikuwa limeingia kwa mlango wa mbele, na mwenye kulileta ni yuleyule.

Praxeda alipokuwa akikusanya unga kuurudisha bakulini, Gaju alilikinga lile donge kwa mikono miwili.

"Hili ni baba," akasema. "Bado."

Praxeda akamwachia, akaliweka dirishani kwenye jua. Hakufanya hivyo kwa huruma. Unga wa chumvi ukikauka haukandiki tena, na yeye alitaka likauke hivyohivyo, bila kichwa.

Aliporudi kutoka jikoni alikuta limefunikwa kitambaa kibichi, kingo zimechomekwa vizuri pande zote. Akakiondoa, akakianika kambani, akaketi kumenya viazi. Alipoinua macho, kitambaa kimerudi, kinadondosha maji. Akakiondoa tena. Wakashinda hivyo hata jua likazama: mmoja anafunua, mmoja anafunika.