Mama wa Kambo Apewe Nafasi ya Kusema

Madame Blandine anafundisha Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Kikula, mjini Likasi, katika chumba kinachopakana na darasa langu la jiografia. Nyumbani pia tunatenganishwa na ukuta mmoja tu, tena mwembamba. Kwa hiyo haya ninayoyasimulia sikuyaokota kwa watu. Nilikuwapo, mara nyingi nikiwa na sahani mkononi.

Miaka minne iliyopita Blandine aliolewa na Georges, mgane mwenye binti mmoja, Cathy. Georges ni karani katika kampuni ndogo inayokarabati malori ya migodini. Mtaa mzima unasema ni mtu mwema, nami sijapata kusikia ushahidi wa kinyume. Ukimuuliza kama leo tule sombe au samaki, atasema, "Mupike ile munataka." Mke na binti wakikwaruzana, atasema, "Mupatane," kisha atawasha redio. Umeme ukiwa umekatika, atakaa tu karibu na redio.

Cathy ana miaka kumi na mitano na anasoma katika darasa la Blandine. Shuleni humwita "Madame" kama wenzake wanavyomwita. Nyumbani pia humwita "Madame". "Madame, naomba munyu." "Madame, nilisha kuosha vyombo." Miaka minne ya heshima ya namna hiyo inachosha kuliko matusi. Matusi angalau unaweza kuyajibu.

Mwezi wa pili mwaka huu, Blandine alikuja kwangu na beseni la samaki wa Ziwa Tshangalele tuwapare pamoja. Alipara wawili, wa tatu akamwacha.

"Madame Zaina, Cathy anaenda. Sikukuu ya Paska ikipita ataishi kwa shangazi yake, Tantine Élise, kule Kakanda. Atasomea kule."

"Nani alisema?"

"Georges. Anasema ni mutoto mwenyewe njo aliomba. Eti hawezi tena kuishi na minye, mama wake wa kambo." Akalia hapohapo, mikono imejaa magamba, asiweze hata kujifuta.

Mimi, mwenye akili nyingi, nikamwambia amwache aende, nyumba ipumue. Ninaliungama hili mapema ili nisionekane mwema kuliko Georges. Kakanda naijua: vumbi, malori, na Tantine Élise mwenye watoto sita na mgongo unaomuuma kila siku ya kufua. Nilijua vizuri mtoto anakwenda kufanya nini kule. Hata hivyo nilisema aende, kwa sababu beseni lilikuwa limejaa na nilitaka tumalize.

Blandine hakunisikiliza. Jumatatu iliyofuata aliingia darasani na kuwasimulia wanafunzi hadithi ambayo kila mtoto wa Likasi aliisikia kabla hajaota meno. Yatima anavunja chungu cha mama wa kambo, naye mama anamwambia asirudi mpaka alete chungu kilekile kikiwa kizima. Mtoto anatembea mpaka ng'ambo ya mto, anamkuta bibi kizee mwenye vidonda, anamwosha, anapewa chungu kipya na shanga. Binti wa mama wa kambo naye anakwenda, anamcheka bibi, anarudi na kibuyu kilichojaa nyoka. Watu wote wanafurahi, isipokuwa walioumwa.

"Sasa," akasema Blandine, "mutaandika hadithi hii upya. Atakayesimulia ni muntu mwingine aliye ndani yake. Kila muntu iko na sababu zake. Hata mama wa kambo apewe nafasi ya kusema."

Niliyasikia hayo kupitia ukutani nikiwa nafundisha mito ya Afrika, na nikajua papo hapo kazi ile ilitolewa kwa wanafunzi arobaini na wanane lakini ilimlenga mmoja. Alitaka Cathy aandike kwa kinywa cha mama wa kambo, akae ndani ya viatu vyake kwa kurasa mbili tu, pengine angeona vinabana wapi. Mwalimu akishindwa kusema jambo mezani kwake, hulitolea mtihani.

Kopi za wanafunzi zilirudi, tukazisoma pamoja nyumbani kwangu. Sijacheka hivyo tangu mume wangu afe. Ndugu zangu, watoto wetu wanasali sana! Katika makanisa ya maombi ya mji huu, mtu anaposimama mbele na kusema "mimi", ni ushuhuda: anaungama uchawi wake, watu wanapiga makofi, anawekewa mikono. Basi wengi darasani walielewa kwamba kumpa mama wa kambo nafasi ya kusema ni kumsimamisha mbele aungame. Rémy aliandika: "Bwana asifiwe! Mimi nilikuwa mama mbaya sana tangu tumboni." Jessy alimfanya mama ataje hata majina ya wenzake waliokuwa wakiruka naye usiku. Kopi thelathini na moja za mama wa kambo, na zote ziliishia kwa mama kuombewa. Sababu ya mama, hata moja haikutajwa. Blandine alizidi kunywea kwenye kiti kadiri rundo lilivyopungua.

Waliobaki karibu wote walimchagua yatima; Exaucé peke yake ndiye aliyemchagua bibi mwenye vidonda. Bibi wake aliuliza kwa hasira kwa nini kijiji kizima kinapita kuchota maji na hakuna anayemwosha mpaka yatima apotee njia. Tulimpa alama nzuri.

Kopi ya Cathy ilikuwa ya mwisho, kwa sababu Blandine aliificha chini makusudi. Ilikuwa nusu ukurasa. Hakumchagua mama wa kambo. Hakumchagua yatima pia. Aliandika kwa Kifaransa, nami nitaitoa hapa jinsi ninavyoikumbuka:

"Mimi ni baba. Mulinisahau, lakini niko ndani ya hadithi tangu mwanzo, nimekaa karibu na moto. Chungu kilipovunjika nilisikia. Nilisema: mupatane. Mtoto alipotoka nyumbani nilimwona. Sikupenda kelele, basi nilitafuta maneno ya kumtuliza kila mmoja. Mke wangu nilimwambia: mtoto mwenyewe ameomba kuenda. Mtoto nilimwambia: mama yako amechoka, ndiye ameomba uende. Wote wawili walinyamaza. Nyumba ikawa na amani. Nikala. Lakini leo ninasema: mtoto abaki nyumbani, kwa sababu hakuna aliyeomba aende. Ni hayo tu. Sina maneno mengi."

Blandine aliisoma mara tatu.

"Eti minye njo niliomba?" akasema. "Alimwambia mutoto ni minye?"

Nilitaka niende ng'ambo ya ukuta dakika ileile nimwambie Georges ninavyomwona, na ningemwambia kwa lugha tatu. Blandine alinizuia kwa kunishika pindo la nguo. Alichukua kalamu nyekundu, akasahihisha makosa mawili ya vitenzi (hakuweza kujizuia), akaandika kumi na nane juu ya ishirini. Chini, kama shule yetu inavyotaka, akaandika: "Sahihi ya mzazi."

Jumamosi mchana nilikuwa mezani kwao. Bukari, ugali wetu, ilikuwa tayari, Georges alikuwa amevaa singlendi na anasikiliza mpira. Cathy alileta kopi, akaiweka karibu na sahani ya baba yake. Miaka yote ilikuwa hivyo: kopi zinasainiwa na papa, kamwe si na Madame. Na miaka yote Georges alisaini bila kusoma, kwa sahihi nzuri yenye mikia mitatu, iliyomgharimu ujana wake wote kuitengeneza.

"Umepata ngapi?"

"Kumi na nane, papa."

"Bien." Akasaini. Mikia yote mitatu.

Nilimtazama Blandine, Blandine alimtazama Cathy. Mtoto alikuwa ameinamisha macho, kidole kikisugua ukingo wa meza. Nilielewa kwamba ile kopi haikuwa imeandikwa kwa ajili ya mwalimu peke yake. Alikuwa ameituma kwa baba kwa njia pekee aliyokuwa nayo, na baba ameipitisha kama risiti ya mafuta.

Blandine akanyoosha mkono, akaichukua. "Georges, zima redio."

"Bado dakika kumi tu."

"Zima."

Akazima. Blandine akaisoma kopi kwa sauti, taratibu, kama anavyosoma imla, akisimama kwenye kila nukta. Alipofika "Wote wawili walinyamaza", Cathy aliinua macho na kumtazama, na akabaki anamtazama. Hapo ndipo mtoto alipopata hakika ya kile alichokuwa amekikisia tu: huyu mwanamke hakuomba aende. Niliona bega lake likishuka, bega ambalo kwa miaka minne nilidhani limeumbwa vile.

"Ni nani aliandika mambo haya?" Georges akauliza, na sauti yake haikuwa na nguvu.

"Soma sahihi," Blandine akamjibu.

Akaichukua. Safari hii aliisoma mwenyewe, kwa kidole, mpaka chini. Bukari ilipoa, na hakuna aliyegusa.

"Huyu baba," akamwambia Cathy, "ni mubaya hivi?"

"Si mubaya, papa. Anaogopaka tu."

Nilitegemea atasema "mupatane". Nilikuwa nimeshajiandaa kumrushia kijiko. Lakini Georges alifuta vidole, akachukua simu, akabonyeza, akangoja. Tulimsikia Tantine Élise kutoka Kakanda akisalimu kwa nguvu, watoto wake wakipiga kelele nyuma yake, akisema kitanda cha Cathy kiko tayari.

"Élise, mutoto hakuyi tena kule, anabaki hapa," Georges akasema.

Upande wa pili maneno yalikuwa mengi. Georges akatutazama sisi watatu mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta wa kumwegemea, na hakuna aliyemsaidia.

"Hapana," akasema. "Haiko bibi yangu Blandine alikataa. Hapana, haiko mutoto. Sikiliza, Élise. Ni minye."