Gunia la Mchawi wa Kipolandi

Juzi niliona kikaragosi cha bata kwenye dirisha la duka la mitumba hapa Lewisham, huku ughaibuni, nikaisikia tena harufu ya ule ukumbi wa kanisa: nta ya sakafu na makoti yaliyorowa mvua. Jirani yetu Mpolandi, Bi Hania, alitupeleka mimi na bintiye, tulipokuwa wadogo, alasiri moja kutazama mchezo wa vikaragosi wa watoto, kwa Kipolandi. Mchawi mwenye gunia alikuwa akimtafuta bata. Mimi niliamini kuwa asiyejua Kipolandi ndiye atakayetiwa guniani.

Mchawi akatuuliza kitu. Watoto wote wakampigia kelele kwa Kiingereza kwamba bata yuko nyuma yake. Akauliza tena, polepole, akajibiwa Kiingereza tena. Leo najua alikuwa akiwabembeleza waseme lugha yao. Akashusha pumzi, vilevile kama mama yangu, mzaliwa wa Pemba, kila aliponisemesha Kiswahili nikamjibu kwa Kiingereza.

Kumbe si mimi peke yangu nisiyejua Kipolandi! Gunia lile lisingetutosha sote.

Jioni mama akaniuliza, "Ushakula?"

Nikamkumbuka mchawi alivyoshusha pumzi, nikamwonea mama huruma.

"Nishakula, mama," nikamjibu kwa Kiswahili.

Mwiko ukamponyoka.