Safu Mbili Alizozificha Zainah

Busia, upande wa Uganda, wenye malori humwita Zainah binti Muniru "mama wa mishale", ingawa mtoto hana, na mshale wa kweli hajawahi kuushika. Wanamaanisha ile mishale midogo anayoiweka juu ya kila safu katika majedwali yake ya kompyuta. Ukiugusa mmoja, mistari yote inajipanga upya: lori lililofika kwanza linapanda juu, la mwisho linashuka chini. Ukiugusa tena, mambo yanageuka. Na kama unataka kuona jina la dereva na mzigo wake tu, unabonyeza mahali palipoandikwa "Chagua safu", unaondoa alama kwenye zile usizozitaka, zinaondoka machoni. Kabla ya hapo karani wa yadi ya malori alikuwa na makaratasi yaliyounganishwa kwa gundi, na dereva mmoja alilala mpakani siku mbili kwa sababu mstari wake ulikuwa umefunikwa na doa la chai.

Baba yake, Muniru, mtu wa malori tangu ujana, alimpeleka Tororo kusomea kompyuta miaka miwili. Watu walimcheka, wakisema binti anakwenda kujifunza kupiga chapa. Zainah alirudi na laptopu yenye ufa kwenye kona, akaweka meza barazani kwao, na kazi zikaanza kumfuata. Ni msichana mwenye adabu, swala haimpiti. Ila sifa alizipenda. Mtu akisema "aah, Zainah, hii umeitoa wapi?", uso wake wote ulikuwa unang'aa. Si dhambi kubwa hiyo, lakini ndiyo iliyomwingiza matatani.

Msikiti wa mtaa wao una desturi ya Ramadhani ambayo wageni huishangaa. Kila Ijumaa baada ya swala, kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, hupewa mfuko mweusi uliofungwa fundo la namna moja. Nyumba ni sitini na nne. Mifuko mingine ina unga wa posho, maharage, mafuta na sukari. Mingine ina tende chache, na pumba za mahindi za kuujaza. Mwenye duka la jumla huubeba mfuko wake wa pumba ameinama upande mmoja, anahema barabarani kama amebeba saruji, ili mjane anayetembea nyuma yake asijulikane. Watoto wanafundishwa mapema kutouliza mfuko una nini. Pumba wanakula kuku, na kuku hawasemi.

Aliyejua nani anapewa nini alikuwa mmoja tu, Mama Bushira, mke wa imamu, na yote aliyaandika katika daftari la shule alilolifunga kwa kitambaa. Mwaka huu macho yake yaliingia ukungu.

"Zainah mwanangu," alimwambia, "macho nayo yananiacha. Juzi nimempa Haji, yule tajiri, maharage, na pumba zikaenda kwa wenye njaa. Kuku wa Haji wamenenepa, watu wamelala hivyo hivyo. Niwekee humu kwenye mashine yako, iwe inanisomea kwa maandishi makubwa. Lakini sikiliza. Hii si habari ya malori."

"Nitaweka neno la siri, Mama. Tutajua wewe na mimi tu."

"Na Mungu."

"Na Mungu, Mama."

Wakakaa asubuhi nzima, Mama Bushira akisoma kwa shida, Zainah akiandika. Safu zilikuwa nne: jina, mtaa, kilo za mfuko, na sababu. Walipofika kwa Fatumah, mama wa watu akashusha sauti ingawa walikuwa peke yao. "Andika kilo kumi na mbili. Mume kahamia Tororo kwa mke mwingine, hatumi kitu. Watoto wanne. Hataki ndugu zake wajue."

Vidole vya Zainah vikasimama. Fatumah yule muuza vitenge? Mwenye bangili, mwenye kicheko cha kusikika toka mwisho wa soko? Kila siku alikuwa akiwaambia watu kwamba mumewe Twaibu yuko safari ya Juba, barabara mbaya, atarudi. Zainah akaandika, akaendelea na jina lingine.

Wiki ya pili ya mfungo ikaja simu kutoka Tororo. Alikuwa Mzee Ochwo, mwenye yadi ya malori kubwa kuliko zote alizowahi kufanyia kazi.

"Binti, wananisifia wewe. Nataka kuona hiyo kitu yako leo leo, kabla ya jioni. Lakini usiniletee ile ya 'lori moja, lori mbili'. Niletee yenye watu ndani, nione inavyogeuka."

Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, na betri ilibaki kidogo. Kubuni majina sitini kungemchukua saa nzima. Zainah akalitazama jedwali la msikiti, limejaa, zuri, limeshapangwa. Akatoa nakala yake, akabadilisha kichwa cha habari, akaondoa alama kwenye kilo na kwenye sababu. Safu mbili zikatoweka. Yakabaki majina na mitaa. Akajiambia, majina na mitaa si siri, kila mtu anajua Fatumah anakaa wapi. Akaondoa na neno la siri ili mzee asisumbuke, akatuma linki.

Na alikuwa anajua. Hapo ndipo aibu yake ilipo mpaka leo. Wateja wake mwenyewe alikuwa akiwafundisha kwamba safu iliyofichwa haijafutwa, imegeuziwa uso tu, na mtu yeyote akibonyeza "Chagua safu" itarudi. Alijua kama mpishi anavyojua sufuria ina moto, na bado akaishika kwa mkono mtupu, kwa haraka ya kusifiwa.

Saa kumi Mzee Ochwo akapiga simu tena, anacheka kwa furaha. "Kazi safi! Karani wangu Loy amechezea yote. Hata zile ulizozificha amezifungua, akagusa mshale, zikajipanga kubwa mpaka ndogo. Ah, binti, wewe ni fundi!"

Zainah alisema asante. Akaufuta ukurasa ule palepale, akakaa ameukumbatia mkoba wake kama mtu anayengoja basi.

Lakini Loy, msichana wa Masinya anayepanga chumba karibu na soko la Busia na kwenda kazini Tororo, alikuwa ameshapiga picha ya kioo cha kompyuta. Loy si mtu mbaya. Kitenge cha gauni lake la kanisani alikinunua kwa Fatumah. Alisikitika kweli. Alimtumia picha rafiki mmoja tu, na maneno haya: "Banange, jamani, kumbe Fatumah!" Huruma hiyo ikapita simu kwa simu, na kufika Alhamisi ilikuwa si huruma tena.

Ijumaa wanawake walikusanyika uani mwa msikiti kama kawaida. Zainah ndiye aliyesoma majina, simu mkononi. Alipolisoma la Fatumah, muuza samaki mmoja akasema kwa sauti ya utani, "Fatumah dada, tukusaidie kubeba? Kilo kumi na mbili si mchezo, bambi, maskini."

Mwingine nyuma yake akadakia, "Na Juba siku hizi kumbe iko Tororo! Barabara imekuwa fupi."

Wakacheka. Si wote, lakini wa kutosha. Fatumah alikuwa ameshaupokea mfuko. Akauweka chini kwenye mkeka, polepole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Akaurekebisha mtandio. Akasema "Asalaam aleikum", akatoka mlangoni na mgongo wake umenyooka. Mfuko ukabaki pale.

Mama Bushira ndiye aliyesimama. Alikuwa analia. "Ni mimi, wanangu. Daftari langu lazima nimeliacha wazi mahali. Macho yangu, uzee wangu. Niliwekewa amana nikaimwaga. Nisameheni."

Zainah alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alifungua mdomo aseme. Akawaona wale wanawake wote waliokuwa wakimwita fundi, akaona na shangazi zake, akaona jinsi nyuso zile zitakavyogeuka. Akasoma jina lililofuata.

Jioni hiyo alifungua kwa tende moja. Alisali, na katika sijda akashindwa kuomba lolote, maana kila alichotaka kuomba kilikuwa ni kwamba watu wasijue. Ataombaje hivyo kwa Mungu, aliyeijua siri ile tangu mwanzo?

Kesho yake asubuhi akaenda kwa Mama Bushira, akapiga magoti mlangoni hata kabla ya kukaribishwa, akasema yote, na Ochwo, na Loy, na betri. Mama akasikiliza, mkono kwenye kichwa cha binti.

"Betri iache," akasema. "Betri haikutuma kitu."

"Ndiyo, Mama."

"Na jana uliniacha nilie mbele ya watu."

"Ndiyo, Mama."

Mama Bushira akamwinua. "Mimi nimeshakusamehe, si kwa sababu ni jambo dogo. Lakini mimi si mwenye haki. Mwenye haki yuko kwake, hajatoka tangu jana. Chukua na mashine yako. Usiende na zawadi. Ukienda na zawadi atafikiri umekwenda kununua."

Fatumah alikuwa anafua nguo za watoto nyuma ya nyumba. Hakumwambia aketi. Zainah akasema akiwa amesimama, safari hii bila betri ndani yake. Alipomaliza, Fatumah akakamua shati, akalianika, akafuta mikono.

"Nionyeshe walichokiona."

"Dada Fatumah, hakuna haja ya..."

"Wamekiona watu wa Tororo, wamekiona wauza samaki. Mimi ndiye nisikione? Fungua."

Zainah akafungua jedwali la msikiti, akaweka neno la siri, akagusa mshale wa kilo. Mistari ikajipanga, na jina la Fatumah likapanda juu kabisa, na sababu yake pembeni. Fatumah akasoma, midomo ikitikisika. Macho yake yakaanza kushuka kwenye mstari wa pili. Ghafla akaufunika kwa kiganja chake, kiganja chenye maji ya sabuni, juu ya kioo.

"Funga. Funga upesi. Kuna mtu hapo chini, nimeona herufi mbili. Sitaki kumjua."

Zainah akafunga. Akaanza kulia. Mashine yake ilikuwa na mishale, ina vitufe, ina kila kitu cha kuonyesha na kuficha, na mwanamke huyu aliyetukanwa jana amefanya kwa mkono wake mmoja kile ambacho yeye alikuwa ameagizwa kufanya.

"Usinililie hapa," Fatumah akasema. "Watoto watauliza. Wewe umesoma, niambie. Zile picha kwenye simu za watu, unaweza kuzifuta?"

"Siwezi."

"Basi fanya unachoweza. Ijumaa simama palepale niliposimama mimi. Useme jina lako. Na usije ukasema kompyuta imekosea."

"Utakuja, dada?"

"Nije kufanya nini? Kucheka?"

Ijumaa akasimama. Mama Bushira alikuwa amekwisha kuwanyamazisha watu. Zainah akasema: mimi Zainah binti Muniru nilipewa siri za nyumba sitini na nne nizilinde, nikazitumia kujionyesha kwa mtu wa Tororo. Daftari la Mama halikuachwa wazi popote. Nilipomwona analia nilinyamaza. Na sikuanika ya Fatumah peke yake. Kila mwenye mfuko hapa nimemfungulia mlango.

Hapo kicheko hakikuwepo. Kila mmoja alikuwa anajiuliza mstari wake uko wapi, na nani aliusoma. Muuza samaki alitazama chini. Shangazi yake Zainah akafunika uso kwa mtandio, akasema taratibu, "Mwenyezi Mungu tusitiri," lakini hakumsogelea. Mwanamke mmoja akatema mate nje ya mkeka, akasema, "Na ndiye tuliyempa simu asome majina." Zainah akaipokea hiyo nayo.

Akampigia na Mzee Ochwo, akamwambia majina yale yalikuwa ya watu wa kweli na ya siri, na kwamba aliyabeba bila ruhusa. Mzee akauliza. "Sasa binti, majina ya madereva wangu utayafanyaje?" Kazi ile ilikwenda kwa mtu wa Kampala. Loy, aliposikia yalikotoka, alikuja mpaka barazani kuomba msamaha naye.

Mama Bushira amerudia daftari. Mjukuu wake wa kike humsomea, naye hulisoma kwa kunong'ona. Mfuko wa Fatumah Mama huupeleka mwenyewe, ndani ya ndoo yenye nguo juu, na kama unapokelewa au haupokelewi, hajamwambia mtu.

Siku ya tatu baada ya Idi, Zainah alipita sokoni. Angeweza kuzunguka kwa nyuma, kwenye meza za viatu. Hakuzunguka. Fatumah alikuwa nyuma ya vitenge vyake, anampimia mteja, bangili hana. Zainah akasimama mbele ya meza.

"Asalaam aleikum, dada Fatumah."

Fatumah hakuinua macho. Akanyoosha kitambaa mpaka mwisho wa mkono, akashika alama kwa kidole.

"Waaleikum salaam," akasema, maana kuitikia ni wajibu. Kisha akamgeukia mteja. "Yadi sita, mama. Nikukatie?"

Zainah akaondoka taratibu, akiliaga soko kwa kichwa kilichoinama. Hakusamehewa, na hakujidanganya kwamba amesamehewa. Lakini alikuwa amesikia sauti ya Fatumah, na kesho angepita tena palepale.